Ukiona umeandika "siku zikapita", rudi hapo hapo: namna ya kuandika sehemu ngumu za stori

Chukua stori yako iliyokukwamia, iwe kwenye simu au kwenye daftari, uisome kuanzia juu taratibu kama mtu anayechambua mchele. Ila unachotoa hapa sio chuya na mawe, unatafuta maneno kama haya: "siku zikapita", "waliongea mengi", "baada ya malumbano ya muda mrefu", "hakuamini macho yake", "alijikuta", "ghafla", "maumivu yasiyoelezeka". Kila ukilikuta moja weka alama. Usilifute bado, weka alama tu uendelee.

Ukimaliza angalia alama zimejazana wapi. Hapo ndipo stori ilipokuwa ngumu na wewe ukapita pembeni.

Naandika hadithi za kuendelea, zile za sehemu ya kwanza, ya pili, mpaka sehemu ya arobaini, watu wanazisoma kwenye simu wakiwa kwenye foleni au kitandani usiku, na swali ninaloulizwa sana ni kitu gani kigumu kuliko vyote. Wengi wanategemea niseme wazo, au mwanzo. Mawazo yapo tele jamani, panda daladala ya Mbagala asubuhi mpaka unashuka Kariakoo umeshapata matatu. Kigumu ni kubaki. Kubaki chumbani na wahusika wako wakati wanaumizana, maana ukibaki inabidi ujue mtu huyu akiumia anasema nini hasa, mkono wake unashika nini, anamtazama nani, na wewe bado hujui, kwa hiyo unaandika "waliongea mengi" unatoka zako. Karibu kila kitu nitakachokueleza hapa kinarudi kwenye hilo.

Nitatumia stori yangu moja kama mfano ili tusiongee hewani. Dada wawili, nyumba iko Ngamiani, Tanga. Mama yao amefariki, arobaini imeshapita, na ndani kitu cha maana kilichobaki ni cherehani ya miguu. Rehema ndiye mkubwa, anaishi Dar, ndiye aliyekuwa anatuma hela ya dawa. Mwanaidi ni mdogo, alibaki na mama, miaka minne anamwogesha na kumgeuza kitandani. Wote wawili wanaitaka hiyo cherehani. Rasimu yangu ya kwanza ilisomeka hivi:

Rehema alifika Tanga. Walikaa na mdogo wake wakaongea mengi kuhusu vitu vya marehemu mama yao. Baada ya malumbano ya muda mrefu hawakuelewana. Siku zikapita.

Sentensi nne na stori nzima imo humo, imelala. Hakuna uongo wowote pale, kila kitu kimetokea, ila msomaji hakuwepo. Sasa tuiamshe.

Ile -ka- inayotukimbiza

Kuna kitu lugha yetu inatupa bure na hicho hicho ndicho kinatuponza. Akaenda, akafika, akamkuta, akamwambia. Bibi zetu wametulea na -ka-, paukwa pakawa, sungura akamwambia fisi, fisi akacheka, ndio mguu wa hadithi ya Kiswahili, na ukiikosa kabisa stori inakuwa kama maelezo ya shahidi kituoni:

Alifika. Aligonga mlango. Alimkuta mdogo wake. Aliketi.

Weka -li- moja ya kufungulia, -ka- zifuate, halafu ingiza -ki- kwa kile kinachoendelea pembeni:

Alifika jua likizama, akagonga, hakuitikiwa, akasukuma mlango kwa bega begi likimning'inia mkononi.

Unaona ilivyotembea. Ila -ka- inajua kwenda mbele tu, kusimama haijui, ndio maana inaweza kukubebea mwaka mzima kwa maneno mawili, "siku zikapita", na ndio maana ukiwa na hofu ya sehemu fulani vidole vyako vinaikimbilia yenyewe. Akalia, akamwomba msamaha, akamsamehe, wakaendelea na maisha. Msamaha mzima umeisha kabla msomaji hajakaa vizuri.

Kwa hiyo ninachofanya ni hiki: nikifika panapouma nakata mnyororo wa -ka-. Natumia -me-, -na-, -ki-, natumia hata sentensi isiyo na kitenzi, chochote kitakachomfanya msomaji atazame.

Rehema akaweka begi chini, akavua viatu, akaingia. Mwanaidi yupo kwenye cherehani. Hashoni kitu. Miguu ipo kwenye pedeli, inakanyaga polepole, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka bila kitambaa.

Zile -ka- tatu zimemfikisha mlangoni, kazi yao imeisha. Na nyakati nimezichanganya kwa makusudi, -ka- ikaachia -na-, kwa sababu nataka dada mkubwa na msomaji waone kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kinachoharibu ni kuchanganya bila kujijua, aya inaanza "alikuwa amekaa" inaishia "anamuuliza" na mwandishi mwenyewe hajaona. Ukiwa unapitia kazi yako tenga raundi moja ya kutazama nyakati peke yake, usitazame kingine chochote.

Mazungumzo

Hapa nitakaa sana maana ndipo stori nyingi nzuri zinapoharibikia.

Tatizo la kwanza, wahusika wanaongea kama wanasoma taarifa ya habari. "Dada, nimesikitishwa sana na kitendo chako cha kutaka kuichukua cherehani hii ilhali wewe hukumuuguza mama yetu." Hakuna mdogo mtu wa Tanga wala wa popote anayemwambia dada yake hivyo. Na ukichunguza hiyo sentensi haiongei na Rehema kabisa, inaongea na msomaji, inampa taarifa kwamba kuna cherehani, kuna mama, kuna kuuguza. Rehema anayajua yote hayo. Ukitaka msomaji ajue kitu, mwonyeshe kwingine, mdomo wa mhusika uachie mhusika.

Tatizo la pili ni salamu, na hili ni letu wenyewe. Kwetu watu wakikutana lazima wasalimiane, shikamoo, marahaba, za safari, za watoto, wanaendeleaje, tunamshukuru Mungu, na mwandishi anataka uhalisia kwa hiyo anaziandika zote, nusu ukurasa umeenda na hakuna kilichotokea. Wengine wanaona hivyo wanazikata zote, watu wanakutana wanaanza kugombana bila hata hodi, sasa hiyo nayo inasikika kama stori ya watu wasio na wazazi. Njia ninayoipenda ni kuiacha salamu pale tu inapofanya kazi. Na salamu ya Kiswahili inafanya kazi kubwa sana, maana shikamoo ina ngazi ndani yake, kuna wa kuitoa na wa kuipokea, na isipotolewa kila mtu mle ndani anajua kuna jambo, hata mtoto.

Nilipogundua hilo niliacha kuandika malumbano, nikaandika hivi:

"Umefika."

"Nimefika. Barabara mbaya, tumekaa sana Segera."

"Chai ipo kwenye chupa."

Rehema hakwenda kwenye chupa. "Mwanaidi, siku hizi sipewi shikamoo?"

"Shikamoo."

"Marahaba." Akavuta kigoda akakaa. "Hii mashine inalia. Imetiwa mafuta lini?"

"Mama alikuwa anaitia mwenyewe."

"Nakuuliza wewe."

"Mafuta yaliisha mwezi wa sita. Hela nikanunulia dawa."

"Hela ya dawa nilikuwa natuma mimi."

"Ulikuwa unatuma tarehe tano. Dawa zilikuwa zinaisha tarehe ishirini."

Hakuna aliyesema naitaka cherehani. Hakuna aliyesema hukumuuguza mama. Wanaongelea mafuta ya mashine. Watu wengi wanaogombana ndivyo wanavyogombana, jambo lenyewe linakaa katikati kama sufuria ya moto na kila mtu anashika kitu kingine cha pembeni, mafuta, chai, tarehe. Kwa hiyo ukiandika ugomvi jiulize kwanza hawa watu wanaogopa kutaja nini, ukishajua, wakataze kukitaja kwa ukurasa mzima.

Mazoezi mawili yanayosaidia. Moja, andika mazungumzo matupu, bila alisema wala akajibu, halafu ziba majina uone kama bado unamtambua kila mtu kwa maneno yake. Kama huwatambui basi wote wanaongea kwa mdomo wako. Mbili, jirekodi kwenye simu ukisoma kwa sauti, usikilize kesho yake ukiwa unafanya kazi nyingine, unaosha vyombo labda. Sentensi ambayo ulimi umejikwaa ukiisoma, mhusika hawezi kuitamka akiwa na hasira.

Lafudhi itie kama chumvi. Mwanaidi wa Tanga anaweza kusema "mie" na "wasemaje", Rehema aliyekaa Dar miaka kumi na tano anasema "mi" na "we vipi", na hiyo tofauti ndogo tayari inamwambia msomaji nani ameondoka nyumbani na nani amebaki. Ukiandika kila neno kwa lafudhi msomaji wa Mwanza au Mombasa atachoka kabla ya sehemu ya pili.

Nani alimfanya nani

Hili halizungumzwi sana na linawatesa wasomaji kila siku. Soma hii:

Alimwangalia, akamwambia amechoka na maneno yake, akainuka akamwacha amekaa.

Nani amechoka? Maneno ya nani? Nani ameinuka? Kwetu a- ni ya kila mtu, mwanamume, mwanamke, mzee, mtoto, hata sungura, na -m- hivyo hivyo. Mwandishi anajua kwa sababu anawaona kichwani, msomaji haoni. Na suluhisho wanaloenda nalo wengi ni kurudia jina kila sentensi, Rehema alimwangalia Mwanaidi, Rehema akamwambia Mwanaidi, inakuwa kama mahudhurio darasani.

Lugha ina zana nyingi za kutusaidia hapa. Kuna "mwenzake", neno moja linakutolea mkanganyiko wote. Kuna "dada mtu" na "mdogo mtu", yale ya barazani, yanataja undugu na yanabeba utamu wa kisimulizi. Kuna huyu na yule, na ukizoea kumpa "yule" mtu mmoja tu ndani ya tukio, msomaji anamfuata bila shida. Kuna kuleta jina nyuma ya kitenzi, "akainuka Rehema", ambayo inasikika vizuri sana ukiwa umemnyamazisha mtu huyo muda mrefu. Na kuna njia ninayoitumia kuliko zote, kumpa kila mhusika kitu chake mkononi, mmoja ana chupa ya chai, mwingine ana mkasi, basi nikisema mkasi ulianguka sihitaji kutaja jina.

Dada mtu alimwangalia. "Nimechoka na maneno yako," akasema, akainuka na begi lake. Mwenzake hakuinua uso kutoka kwenye pedeli.

Akibadilika mtendaji, badilisha na aya. Kwenye simu aya fupi zinasomeka vizuri zaidi pia.

Machozi

Machozi yakamlengalenga, yakamtiririka mashavuni, moyo ukamwenda mbio, akahisi dunia inamzunguka. Sisemi watu hawalii. Nasema msomaji ameshayaona haya machozi mara elfu, yamekuwa kama alama ya barabarani, anayaona anapita.

Ukifika kwenye uchungu mzito jaribu kumwacha mhusika aendelee na kazi aliyokuwa anaifanya, kisha kazi hiyo iharibike kidogo. Nimekulia kwenye nyumba ya fundi cherehani, na nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba fundi akipata habari mbaya haachi kushona. Anashona, ila anapita mstari wa chaki. Baadaye anafumua, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya wembe, na ukimuuliza anakwambia taa ni hafifu. Niliposukumiza hilo kwa Mwanaidi sikuhitaji hata tone la chozi. Wewe una nyumba yako uliyokulia na kazi ulizoziona, mama anayesonga ugali na kusahau kuepua, baba anayesoma risiti moja mara tatu. Rudi huko, usiende kuchukua kwenye stori ya mwenzio maana naye alichukua kwa mwingine.

Mtu mbaya

Rehema kwenye rasimu ya kwanza alikuwa mbaya tu. Amekuja na hereni za dhahabu, anadharau nyumba, anaitaka cherehani akauze. Rahisi sana kuandika, na wasomaji walinipa maoni mengi ya kumtukana, mwanzoni nikadhani nimefanikiwa. Lakini stori ilikufa sehemu ya sita, maana mtu mbaya namna hiyo akishafika amefika, hana pa kwenda zaidi ya kuzidisha ubaya, na yule mwema hana la kufanya zaidi ya kuzidi kulia.

Nilichofanya, nilikaa nikamwandikia Rehema kurasa mbili ambazo hazimo kwenye stori, anajieleza yeye kwa mdomo wake, mimi nimekatazwa kumkatiza. Ikatoka kwamba mshono wake wa kwanza aliufundishwa kwenye ile cherehani akiwa na miaka tisa, kabla Mwanaidi hajazaliwa. Kwamba alikwenda Dar kufanya kazi za ndani ili mdogo wake asome. Kwamba kila alipopiga simu mama aliongea dakika mbili akasema ngoja nimpe Mwanaidi. Baada ya hapo sikuweza tena kumwandika kwa chuki, na ugomvi ukawa mzito mara kumi, kwa sababu sasa wote wawili wana haki.

Fanya hivyo kwa mtu unayemchukia kwenye stori yako, kurasa mbili, kwa mkono kama unaweza. Huo ni ushauri ninaousimamia kuliko yote niliyoandika hapa.

Majina nitayapita haraka. Shaaban Robert kwenye Kusadikika ya mwaka 1951 aliweza kumwita mshitaki Majivuno na mshitakiwa Karama kwa sababu ile ni nchi ya kubuni, majina yenyewe ni sehemu ya maana. Wewe stori yako iko Ngamiani, mpe mtu jina ambalo mtaa huo ungempa, na usiwape wahusika watatu majina yanayoanza na M.

Katikati

Mwanzo una hamu, mwisho una haraka, katikati hakuna kinachokusukuma. Stori nyingi zilizoachwa zimeachiwa hapo, na mwandishi anasema amekosa muda. Muda upo, kinachokosekana mara nyingi ni mojawapo ya vitu hivi viwili.

Cha kwanza, umewatenganisha watu wako. Nilimrudisha Rehema Dar baada ya ugomvi, kilomita zaidi ya 300, nikabaki na wahusika wawili wanaopigiana simu. Hakuna stori hapo. Nikamrudisha nyumba ile ile na nikamnyima kuondoka: binti ya jirani ana harusi Jumamosi, amewaomba washone sare za ndugu, magauni kumi na mawili, mama yao ndiye aliyeshika hela ya kazi hiyo kabla hajaugua zaidi na hela ilishaliwa na dawa. Kwa hiyo dada wawili waliogombea cherehani sasa wanalazimika kuitumia pamoja, mmoja anakata mwingine anashona, chumba kimoja, feni moja, siku nne. Sikubuni balaa lolote la nje, hakuna ajali, hakuna jambazi, hakuna ujauzito wa siri. Nimewafungia tu chumbani na nikaweka Jumamosi.

Cha pili, matukio yako yamepangwa foleni, hayajashonwa. Kuna jaribio dogo la fundi: vuta uzi mmoja. Chagua tukio la katikati ulifute kabisa, kisha soma yanayofuata. Kama yanaendelea vizuri tu kama vile hakuna kilichotoka basi lile tukio lilikuwa limebandikwa. Kama yanafumuka, lilikuwa mshono. Nilifuta sura nzima ya Mwanaidi kwenda sokoni Mgandini kununua uzi, nilikuwa naipenda sana ile sura, harufu ya samaki, wachuuzi wanavyoita wateja, na stori haikutikisika hata kidogo. Ikabidi nichague, niitupe au niifungie mshono. Nikaifungia: sokoni anakutana na mwanamke anayemwambia "mama yako alisema cherehani ataichukua Rehema", na Mwanaidi anarudi nyumbani na uzi, hasemi. Sasa kila tukio linalofuata lina hicho kimya ndani yake. Siku ya tatu Rehema anamuuliza mbona hunitazami, anajibu uzi mbaya huu unakatika.

Kama unaandika za kuendelea kuna mtego mwingine, ule wa kumalizia kila sehemu na bastola au simu iliyoita au "hakuamini alichokiona" kisha ITAENDELEA. Taharuki ni haki ya msomaji, simnyimi. Ila ukimpa mshtuko kila siku itabidi wa kesho uwe mkubwa kuliko wa leo, na ukifika sehemu ya ishirini umeshaua watu wote. Mimi siku hizi namalizia kwenye uamuzi ambao haujafanywa. Mwanaidi amesimama mlangoni na uzi mkononi, dada yake ameinua uso, anamuuliza "Umekutana na nani?" Itaendelea. Hakuna bastola na watu wanauliza lini inafuata.

Mwisho

Shule imetuzoesha kutafuta dhamira na ujumbe, fani na maudhui, mtihani unauliza mwandishi amefanikiwa vipi kutoa funzo, na tukikaa kuandika wenyewe mkono unaenda huko huko, wanakumbatiana, mzee mmoja anatokea anatoa hekima, tamati. Au ajali inamchukua mbaya. Au kumbe ilikuwa ndoto, ambayo ni kumdhulumu mtu aliyekupa usiku wake kukusoma.

Ninavyofanya mimi, nikikaribia mwisho nakataa kuleta kitu kipya. Mtu mpya hapana, barua iliyofichwa kwenye droo hapana, ingawa barua ilinijia kichwani na ilikuwa tamu. Narudi mwanzo wa stori naandika kwenye karatasi vitu vyote vilivyokuwepo, pedeli, mafuta, sindano, chupa ya chai, shikamoo, tarehe tano, kigoda, halafu najiuliza kipi kati ya hivi bado hakijamaliza kazi yake.

Niliandika miisho mitatu. Wa kwanza Mwanaidi anabaki na cherehani, wasomaji wangefurahi, lakini Rehema wa zile kurasa mbili alikuwa ananitazama. Wa pili wanaiuza wanagawana hela, huo ni wa hesabu, moyo haumo. Wa tatu ulitoka kwenye mashine yenyewe. Anayeijua cherehani ya miguu anajua kichwa hakijaungwa moja kwa moja na meza, unavua mkanda wa ngozi kwenye gurudumu, unalegeza skrubu mbili za bawaba, kichwa kinainuka. Rehema anajua, alifundishwa akiwa na miaka tisa. Jumapili alfajiri, harusi imepita, magauni yameshavaliwa, anakitoa kichwa, anakifunga kwenye kanga ya mama, anaondoka nacho kwenda stendi. Meza na miguu anaviacha. Hajaiba na hajagawana sawa, na hakuna anayeweza kushona tena kwa alichonacho.

Nilikuwa nimeandika aya nzima baada ya hapo, Mwanaidi anawaza kuhusu undugu na mali za dunia. Nikaifuta yote. Nikakumbuka Rehema alipoingia siku ya kwanza alikuta nini, nikarudi pale pale, kwa nyakati zile zile za kusimama, bila -ka- hata moja:

Mwanaidi amekaa. Miguu ipo kwenye pedeli, inakanyaga polepole, gurudumu linazunguka, na juu ya meza kuna tundu.